Naomba ushauri: kichanga anatoa mlio akivuta pumzi

Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miezi 2. Tangu wiki ya pili, akivuta pumzi anatoa mlio mwembamba kama filimbi, na kishimo cha chini ya koo kinabonyea. Akilala chali unazidi. Nikimlaza kifudifudi kifuani kwangu unapungua. Tumepewa dawa za pumu na antibiotiki, wapi! (Na mlio wa pumu si huwa zaidi wakati wa kutoa pumzi?) Daktari wa pili kasema gegedu za zoloto (kisanduku cha sauti kooni) ni laini, wengi hupona wenyewe kabla ya miaka 2. Ila ananyonya kwa kukatiza na uzito umegoma. Mliopitia hili, mtoto alichunguzwa kwa kamera ya koo? Nimwone daktari wa masikio, pua na koo sasa, au nisubiri?