Nataka kutoa feni ya injini kwenye pikapu niweke ya umeme, naombeni ushauri kabla fundi hajaanza

Mzigo Mlimani:
Wakuu, salaam. Nina pikapu ya dizeli ya cc 2800, ya zamani, ile ambayo feni imefungwa mbele ya wota pampu na inazungushwa na mkanda. Kwenye mwendo haina shida. Nikikaa kwenye foleni, au nikipanda mlima na mzigo, mshale wa joto unapanda hadi karibu na alama nyekundu. Hapo nazima AC na kufungulia hita ndipo unashuka.

Fundi anasema dawa ni kung'oa feni hiyo na kufunga ya umeme, injini itakuwa nyepesi na mafuta yatapungua. Nimeshapata moja iliyotumika, imetoka kwenye gari dogo. Ataishika kwa zile kamba za plastiki zinazopenya katikati ya mapezi ya rejeta, na umeme atauchukua kwenye waya wa swichi ya funguo. Gari hili ndilo linalonilisha, sitaki kuua hedi (kichwa cha injini). Kuna aliyewahi kufanya?

Tairi Nne:
Kamba za plastiki usikubali kabisa mkuu. Mimi nilifungiwa hivyo hivyo. Kila gari likitikisika kamba inasugua, na ya kwangu ilikuwa imelalia kijibomba kimoja cha rejeta. Ilikisaga polepole mpaka kikatoboka, maji yakaniishia njiani usiku. Tengenezesha fremu ya bati ishikwe pembeni, kwenye boliti za rejeta yenyewe.

Mzee wa Gereji:
Mwanangu, kwanza tujue gari linachemsha kwa nini. Dalili zako, kutulia kwenye mwendo na kupanda kwenye foleni, ni za feni isiyovuta hewa ya kutosha. Feni yako ina klachi pale kwenye kitovu, ndani kuna mafuta ya silikoni. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, kale kaspringi ka mbele kanafungua njia ya mafuta, klachi inakaza, feni inakimbia. Mafuta yakivuja, klachi haikazi tena.

Endesha mpaka injini ipate moto sawasawa, zima, chomoa funguo, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikigoma kidogo na kusimama yenyewe mara moja, ni nzima. Ikijizungukia yenyewe raundi kadhaa, imekufa. Angalia pia kama kitovuni kuna alama ya mafuta iliyoshika vumbi. Na lile kava la plastiki linalozunguka feni lipo? Mafundi wengi wanalitoa wakibadilisha mkanda halafu hawalirudishi. Bila hilo feni inazungusha hewa ile ile ya moto.

Waya Mwekundu:
Mimi ni fundi umeme wa magari, na huo waya wa swichi ya funguo umenitia hofu. Feni moja yenye nguvu inakula kama ampea 25, na pale inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo. Ukiupitisha mzigo huo kwenye swichi utaiyeyusha, au utaunguza waya chini ya dashibodi.

Ukiamua kufunga, chukua umeme moja kwa moja betri, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, waya usipungue milimita 4 za mraba, kisha rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) ya ampea 40. Kwenye miguu ya rilei, namba 30 inapokea kutoka kwenye fyuzi, 87 inakwenda feni. Kati ya 85 na 86, mmoja upate umeme wa funguo na mwingine uende bodi (hasi) kupitia swichi ya joto. AC nayo iwe na njia yake ya kuiamsha rilei.

Swichi ya joto chagua inayowasha kwenye nyuzi 95 hivi na kuzima karibu na 90. Ukiweka ya 80 feni haitapumzika, maana thamostati nyingi, yaani vali inayoruhusu maji ya injini kwenda rejeta, zinaanza tu kufunguka kwenye 82. Halafu alteneta, ile inayozalisha umeme wa gari: taa kubwa mbili za wati 55 ni ampea 9, ongeza feni 25, ongeza AC na wiper. Kwenye foleni injini iko sailensa (inazunguka polepole bila kukanyagwa mafuta) na alteneta inatoa kidogo, na ndiyo saa feni inahitajika zaidi.

Feni ikikaa upande wa injini lazima ivute hewa kutoka mbele kwenda nyuma. Ukipishanisha chanya na hasi inazunguka kinyume na kupigana na upepo wa gari.

Bonde Refu:
Mimi nimefunga, mbili pacha zenye kava linaloziba rejeta yote, mwaka wa pili huu na nashukuru. Napita sana kwenye maji, nazizima kwa swichi kabla ya kuingia ili mapanga yasipinde na kupiga rejeta. Lakini hiyo moja ya gari dogo kwa dizeli inayobeba mzigo, hapana kaka.

Mzigo Mlimani:
Wakuu nimerudi. Nimefanya kipimo cha Mzee: injini ya moto, nimeisukuma feni kwa kidole, imezunguka raundi nne bila kizuizi. Nyuma ya kitovu kuna mstari mweusi wa mafuta, vumbi limegandia unene wa ukucha. Kava lipo, ila nusu ya chini haipo. Fundi nimemwambia asubiri. Natafuta klachi mpya na nusu ya kava, kisha napanda na mzigo ule ule nione mshale unasimama wapi.

Mzee wa Gereji:
Sawa. Ukiifungua klachi, wota pampu itakuwa wazi, itikise shafti yake. Ikicheza, badilisha na pampu hapo hapo.