Chapa ya moto, hereni au chapa ya baridi: ndama wa ami tuwatie alama gani?

Mjukuu wa Kisauni
Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Ami yangu ana ranchi ng'ambo ya Mackinnon Road, upande wa Kinango. Agosti hii watoto wakifunga shule, ukoo mzima twaitwa kwenda kusaidia kutia ndama alama. Kazi siiogopi. Shida ni kuwa watu wa nyumba moja hawasikizani. Ami ataka chuma cha moto, vile vile alivyofanya babu. Binti yake, aliyesomea kilimo, asema hereni za masikio zatosha na moto ni mateso ya bure. Shemeji naye amesikia habari za chapa ya baridi, ile ya nitrojeni, na hasemi jingine. Mimi kwa kuwa ndiye niliye mjini nimeachiwa kazi ya kununua vifaa.

Ng'ombe wengi ni Boran weupe, wekundu ni wachache. Wizi upo, na kati yetu na jirani ni kichaka kitupu. Waliofanya kazi hii kwa mikono yao, nipeni ulinganisho.

Chale wa Majengo
Mie ng'ombe namjua akiwa ameshatundikwa buchani. Nakaa hapa kusoma tu.

Mchunga wa Maungu
Kwa wizi, hereni peke yake ni pambo. Mwizi ana kisu, akata sikio na namba yaenda nalo. Hata asipokuja mwizi, ng'ombe akipitisha kichwa kwenye mgunga hereni yabaki mtini. Chapa ya moto haing'oki, na mwenye macho aisoma bila mashine.

Lakini itiwe sawasawa. Wengi huchoma chuma mpaka kikawa chekundu wakidhani ndio ukali. Chuma chekundu chawasha nywele, chaingia ndani mno, na kidonda chaharibika. Kikiwa cheusi nacho hakijafika, utalazimika kurudia, na ukirudia hukipati pale pale, alama yatoka mbili. Rangi unayoitaka ni ya majivu. Bana sekunde tatu hadi tano bila kuteleza, ngozi ikigeuka hudhurungi kama kiatu kipya, inua. Chuma kikae kwenye makaa, si kwenye mwali. Mkaa wa mathenge ni mzuri kwa sababu moto wake wadumu.

Ndama aliyelowa usimguse. Maji yageuka mvuke, mvuke waunguza pembeni na herufi yatapakaa. Ndiyo maana Agosti ni bora kuliko likizo ya Desemba: Desemba mvua za vuli huwa bado zinazungukazunguka, mainzi yamejaa, na kidonda chenye mainzi ndicho kinachotoka funza.

Daktari wa Mifugo Kwale
Nianze na shemeji, maana lake ni fupi. Nitrojeni ya maji ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inaua chembe zinazotia nywele rangi, kwa hivyo nywele zikiota tena huwa nyeupe. Kwa ng'ombe mwekundu au mweusi yapendeza na yaonekana mbali. Sasa ng'ombe wa ami ni weupe! Kwa mweupe itabidi chuma kikae zaidi mpaka mizizi ya nywele ife na pabaki upara, na hapo ule upole unaosifiwa umepungua. Tena wahitaji chuma cha shaba, kunyoa nywele, kupaka spiriti, na ndama asimame ametulia kwenye krashi, ule uchochoro mwembamba wa kumbania ng'ombe, kwa karibu nusu dakika. Na ule mtungi wa nitrojeni usifungiwe ndani ya gari vioo vikiwa vimepandishwa. Gesi ikivuja yafukuza hewa, na dereva aweza kuzimia kabla ya kufika Mariakani.

Binti wa ami nisingempuuza. Chuma cha moto kinauma kuliko cha baridi, na kidonda chake chaweza kuchukua wiki nane au zaidi kupona kabisa. Zipo sindano za kupunguza maumivu, kama meloksikamu, ambazo daktari aweza kudunga kabla ya kazi. Mimi ningemwomba ami apunguze: chapa moja, ndogo, iwe ya mwenye mali tu. Mambo ya mwaka wa kuzaliwa, namba ya mama na tarehe za chanjo yaandikwe kwenye hereni na daftarini. Ubavu wa ndama si ubao wa matangazo.

Na mkitaka kuwakinga na ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, kwa ile chanjo ya kudumu iliyotokana na utafiti wa Muguga, ndama aliyechanjwa kwa kawaida huvikwa hereni siku ile ile. Kwa hivyo hereni mtazinunua tu.

Swali kwako: chapa ya babu imesajiliwa? Kenya tuna Sheria ya Kupiga Chapa Mifugo, Sura ya 357. Kama ilisajiliwa kwa jina la marehemu, ami apite ofisi ya mifugo ya kaunti aulize namna ya kuihamisha. Kesi ya wizi ikifika mahakamani, chapa isiyo na karatasi yaleta ubishi.

Ngozi Changamwe
Mwasahau ngozi. Sisi wanunuzi twaangalia mgongo na makalio kwanza, hapo ndipo ngozi nene na sawa. Ng'ombe aliyechapwa herufi kubwa kwenye nyonga, fundi wa viatu akata kuzunguka lile kovu, na bei mimi nakata vile vile. Mwambie ami akapige chini mguuni au shavuni.

Mchunga wa Maungu
Shavuni sikubali. Ndama akirusha kichwa chuma chafika jichoni. Mguu wa nyuma, juu kidogo ya goti, hapo twaelewana. Hasara yake ni moja, nyasi zikirefuka huoni chapa mpaka umsogelee.

Tanga Raha
Salamu kutoka huku ng'ambo ya mpaka. Sisi tuna sheria ya utambuzi wa mifugo tangu mwaka 2010, na hereni za kielektroniki tumeziona, pamoja na mabishano yake yote kuhusu nani alipe. Uzuri wake ni kwamba kifaa kinasoma namba bila kumkamata ng'ombe. Lakini uwe na kifaa, na kiwe na chaji. Kule porini kwa ami sijui.

Jambo moja kuhusu kuvisha. Hereni iingie katikati ya sikio, kati ya zile mbavu mbili za gegedu, na uepuke mishipa ya damu. Ukiiweka karibu na ukingo inachanika. Chovya koleo kwenye dawa kila baada ya ndama mmoja. Ulaya kila ng'ombe anavaa mbili, moja kila sikio, ili moja ikidondoka nyingine ibaki. Mkiweza, fanyeni hivyo.

Bi Kidude cha Dongo Kundu
Na kile kidonge cha kumezeshwa chenye chipu? Nasikia chakaa tumboni maisha.

Daktari wa Mifugo Kwale
Chakaa, ndiyo, na mwizi hakioni. Lakini hata polisi barabarani hakioni, mpaka awe na kisomaji. Tena si cha ndama mchanga, kinahitaji tumbo lililokomaa.

Fundi Chuma Mwembe Tayari
Chapa nimechomelea watu wa Samburu na Taru. Ukija kwangu usiniletee herufi zilizofungana. Kona na duara zakusanya joto, katikati paungua pote, na kovu likipona waona doa tu. Herufi nzuri ni zilizo wazi, kama L, C, U, V. Uso wa chuma uwe na upana wa milimita sita hivi, kingo zipigwe tupa zisiwe kali, maana kingo kali yakata badala ya kuchoma. Mpini uwe mrefu, au mtashika kwa gunia.

Mjukuu wa Kisauni
Ahsanteni sana. Nimempigia ami, nikamsomea yote. Kuhusu nitrojeni amecheka, shemeji kanuna. Mguuni amekubali, kwa sababu ya bei ya ngozi, si kwa sababu ya huruma. Binti yake amekubali moto kwa sharti la sindano, na kwamba daftari la hereni alishike yeye. Karatasi za chapa zitafutwe, ziko kwenye sanduku la bibi.

Lililobaki ni mimi. Mtu wa mjini kama mie nishike wapi nisije nikapigwa teke?

Mchunga wa Maungu
Ndama akilazwa ubavu, mmoja ashika shingoni: goti juu ya shingo, mguu wa mbele wa juu umekunjwa mkononi. Wa pili akaa chini nyuma yake, avuta mguu wa juu wa nyuma kwa mikono miwili, na kwa unyayo wake ausukuma ule wa chini mbele. Wewe omba nafasi ya shingoni, ya nyuma waachie vijana waliozoea. Mguu utakaochapwa ndio wa juu, kwa hivyo ndama wote walazwe upande mmoja.

Chanjo kwanza, kisha hereni, kisha kuhasi kwa badizo, lile koleo la kuponda mishipa bila kukata ngozi, kama mnahasi, chapa mwisho. Mtu wa chuma awe mmoja tu, na njia yake kutoka motoni isikatizwe na mtoto wala mpiga picha. Mnaotoka Mombasa mna tabia ya kupiga picha.

Fundi Chuma Mwembe Tayari
Chapa ya ami ni herufi gani?

Mjukuu wa Kisauni
B na O.

Fundi Chuma Mwembe Tayari
Ya Rabi. Basi nitaacha pengo kila panapofungana, herufi zibaki zile zile za kwenye karatasi. Njoo na mchoro wa zamani, nikuonyeshe kabla sijakata chuma.