Diski imejaa kwenye Linux: nichague BleachBit, Stacer, au nisafishe kwa mkono?

Stesheni_Msamvu aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Ninaendesha duka la steshenari lenye kompyuta tatu za mtumba. Mbili zina Linux Mint 21, moja ina Ubuntu 22.04, na zote zinatumia SSD ya GB 120. Tangu tuhamie Linux miaka miwili iliyopita sijawahi kusafisha chochote, kwa sababu fundi aliyetusakinishia alituhakikishia kwamba mfumo huu hauhitaji kusafishwa. Wiki hii mashine ya kaunta imetoa onyo kwamba nafasi iliyobaki haifiki GB 1, na jana LibreOffice ilikataa kuhifadhi barua ya mteja aliyekuwa amesimama mbele yangu akisubiri.

Nimesoma huku na kule. Wapo wanaosifu Stacer kwa sura yake nzuri, wapo wanaoapa kwa BleachBit, na kijana mmoja ambaye ni mteja wetu amenitumia skripti (faili lenye amri zinazotekelezwa kwa mfululizo) ya mistari arobaini anayosema inamaliza kila kitu kwa mkupuo mmoja. Mimi nilizoea zile programu za Windows ambazo ukibonyeza kitufe kimoja husafisha mpaka rejista. Kinachonitia hofu ni kwamba mashine hizi zina CV za watu, barua za maombi na mitihani ya shule mbili ambayo bado haijafanyika. Naomba ushauri: zana ipi inafaa kwa mtu asiye fundi, na ni kitu gani nisikiguse kabisa?

fundi_wa_kale alijibu:

Ndugu Stesheni, fundi wako alikuambia nusu ya ukweli. Linux haina rejista kama ile ya Windows, yaani ghala moja la mipangilio ya mfumo na programu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ambayo programu ulizozizoea zilijinadi kuifanya huku haipo. Hata hivyo diski haijali ni mfumo gani umeikalia. Ikiandikwa kila siku bila kufutwa, itajaa.

Ningekuomba uahirishe kwanza swali la zana ya kufuta, uanze na zana ya kuangalia. BleachBit na Stacer zinajua mahali ambapo taka hukaa kwa kawaida, ila hazijui nafasi yako wewe imekwenda wapi. Unaweza kutia alama kwenye kila kisanduku zilichonacho, ukaokoa GB 2, huku GB 40 zikiwa zimejilaza mahali ambapo zana hizo hazina habari napo. Sakinisha ncdu, ambayo ni ndogo kiasi kwamba bando lako halitaihisi, kisha andika `sudo ncdu -x /` kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Neno `sudo` linahitajika ili programu iruhusiwe kuingia hata kwenye folda zisizo zako, na `-x` inaizuia isiingie kwenye flashi au diski nyingine iliyochomekwa. Ikimaliza kuhesabu, itakupangia folda kuanzia nzito kuliko zote. Asiyependa terminali anaweza kutumia Baobab, yaani mbuyu, ambayo kwa kawaida tayari imo ndani ya Mint na Ubuntu na huonyesha hesabu hiyo hiyo kwa mchoro wa rangi.

Sasa nije kwenye zana ulizozitaja. Stacer ni nzuri kwa macho, na sehemu yake inayoonyesha programu zinazoamka pamoja na kompyuta inasaidia, lakini toleo lake la 1.1.0 ni la mwaka 2019 na sijaona sababu ya kukabidhi mfumo wa leo kwa mfagizi aliyeacha kazi zamani. BleachBit imekuwapo tangu 2008, chanzo chake ni huria, imo kwenye hazina (maghala rasmi ya programu) za Ubuntu na Mint, na ina jambo moja linalonifanya niipendekeze kwa mtu aliye katika hali yako: kabla ya kufuta hukuonyesha orodha ya kila faili itakayoondoka na ukubwa wake. Itumie kwa masharti. Kwenye menyu utaikuta mara mbili, moja ya kawaida na moja ya msimamizi. Zoea ile ya kawaida, kwa sababu hiyo haina uwezo wa kugusa faili za mfumo. Chini ya kivinjari usitie alama kwenye nywila wala kuki, isipokuwa kama unataka kuanza kuingia upya katika kila akaunti ya duka. Kile kisanduku cha kufuta nafasi tupu kiache kabisa: hujaza diski yote kwa data isiyo na maana na kuiondoa tena ili faili zilizofutwa zamani zisiweze kufufuliwa, hakikuongezei nafasi hata kidogo, na kwenye SSD ni kuichosha bure.

Kuhusu skripti, nitasema jambo moja tu. Januari 2015 iliripotiwa hitilafu katika skripti ya kuanzishia Steam, programu ya michezo ya kompyuta, kwenye Linux. Ilikuwa na amri ya kufuta kila kitu kilichomo ndani ya folda ambayo jina lake skripti ilipaswa kulitafuta yenyewe. Jina lisipopatikana, amri iligeuka kuwa ya kufuta kuanzia mzizi wa diski, na aliyeripoti alipoteza faili zake zote za nyumbani, hata zile za diski ya nje iliyokuwa imechomekwa. Hiyo iliandikwa na wataalamu wanaolipwa. Ya kijana wako, kama huwezi kuisoma mstari kwa mstari ukaielewa, usiiendeshe kwenye mashine yenye mitihani ya watu.

Leta majibu ya ncdu tuyaone.

Bi_Makadara alijibu:

Naungana na fundi, ila nina nyongeza inayotuhusu sisi tunaonunua intaneti kwa kipimo. Karibu kila mwongozo wa kusafisha Ubuntu huanza na `sudo apt clean`, amri inayoondoa vifurushi vyote vya programu vilivyopakuliwa na kubaki katika `/var/cache/apt/archives`. Kwa mtu mwenye intaneti isiyo na kikomo hizo ni taka. Kwangu mimi hapa Mombasa, nikiwa na tarakilishi nne za kikundi cha akina mama, hiyo ni akiba: nikishapakua masasisho kwenye moja, huchukua vifurushi vile kwa flashi na kuvisakinisha kwenye nyingine bila kulipia mara ya pili. Siku niliyojaribu zana ya kusafisha kwa kubonyeza kila kisanduku, ilifuta akiba ya wiki nzima kwa sekunde tatu, nami nikalazimika kununua bando jipya.

Kwa hiyo, Ndugu Stesheni, ukiona folda hiyo ni nzito, jaribu kwanza `sudo apt autoclean`. Hii huondoa vile vifurushi vya zamani tu ambavyo hata kwenye hazina havipatikani tena, na kuacha vinavyoweza kutumika. Iwapo mashine zako tatu zimeunganishwa kwenye ruta moja, tazama pia apt-cacher-ng: unaisakinisha kwenye moja, nyingine unazielekeza ziombe masasisho kupitia hiyo, na kila kifurushi kinapakuliwa mara moja tu. Mint 21 imejengwa juu ya Ubuntu 22.04, kwa hiyo vifurushi vingi vya mashine zako ni vile vile.

Kilo_na_Nusu alijibu:

Mnamchosha bure. SSD ya GB 240 haina bei ya kutisha siku hizi. Anunue, ahamishe mfumo, aendelee na biashara yake. Na kama hataki kununua, ajue kwamba ext4, mfumo wa kupanga faili unaotumika kwa kawaida kwenye Linux, hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya msimamizi, yaani zaidi ya GB 5 kwenye diski kama yake. Amri `sudo tune2fs -m 1` ikifuatiwa na jina la kizigeu (sehemu ya diski) humrudishia nyingi ya hizo bila kufuta faili hata moja.

fundi_wa_kale alijibu:

Hesabu ya ext4 ni sahihi, na kwenye diski ya kuhifadhia picha au video ningeifanya bila kusita. Kwenye diski yenye mfumo wenyewe akiba hiyo ina kazi: nafasi ya watumiaji inapofika sifuri, huduma za mfumo bado zinapata pa kuandikia, na ndiyo sababu mashine ya kaunta bado inawaka na kumruhusu mwenyewe aingie. Kuhusu SSD mpya, asipojua kinachokula nafasi, GB 240 nazo zitajaa.

Stesheni_Msamvu alijibu:

Ahsanteni sana. Nimefanya kama nilivyoelekezwa na nimepata mshangao. Kwenye mashine ya kaunta, ambayo ni Mint, folda iitwayo `/timeshift` peke yake ina GB 47. Folda ya `.cache` ndani ya nyumbani kwangu ina GB 5, nyingi zikiwa za kivinjari, na `/var/log/journal` ina GB 3 na ushee. Vifurushi vya apt havifiki hata GB 1, kwa hiyo Bi Makadara nimevihifadhi. Kwenye ile ya Ubuntu hakuna `/timeshift`, ila `/var/lib/snapd` ina GB 13.

Kuna jambo jingine ambalo silielewi. Mwezi uliopita nilifuta kwa makusudi video za harusi ambazo mteja alikuwa ameshazichukua, zaidi ya GB 15, nikamwaga na pipa la taka, lakini nafasi haikuongezeka. Je, hii `/timeshift` ndiyo ile programu ya nakala ambayo fundi alisema itatuokoa mfumo ukiharibika? Nikiifuta nitabaki bila kinga?

fundi_wa_kale alijibu:

Ndiyo yenyewe, na nadhani video zako za harusi zimo humo.

Timeshift hutunza picha ya mfumo jinsi ulivyokuwa siku fulani, ili sasisho likikorofisha uweze kurudi nyuma. Haiandiki kila kitu upya kila mara. Faili ambayo haijabadilika huandikwa mara moja tu, na nakala zote zinazofuata huielekea ile ile moja. Matokeo yake ni kwamba faili hiyo haiondoki kwenye diski mpaka nakala ya mwisho inayoielekea iondoke. Kwa kawaida Timeshift huacha nje folda za nyumbani, kwa sababu imekusudiwa kuulinda mfumo, si kazi za mtu. Fungua mipangilio yake, nenda kwenye sehemu ya watumiaji, na uangalie kama fundi aliyewasakinishia aliruhusu faili za nyumbani ziingizwe. Kama aliruhusu, basi kila unachofuta kwenye meza ya kazi kinaendelea kuishi ndani ya nakala, na hapo hakuna BleachBit itakayokusaidia.

Hatari kubwa kuliko hata kujaa kwa diski ni hii: siku utakayorudisha mfumo kwenye nakala ya wiki mbili nyuma, faili za nyumbani nazo zitarudi zilivyokuwa wiki mbili nyuma, na CV ulizozirekebisha katikati zitakuwa zimekwenda. Kwa hiyo ondoa ruhusa hiyo, na kazi za wateja uzinakili kwenye diski ya nje kwa njia nyingine.

Kufuta usitumie `rm`, amri ya kufutia ya terminali. Fungua Timeshift yenyewe, chagua nakala za zamani moja baada ya nyingine, na ubonyeze kitufe chake cha kufuta. Kisha tengeneza nakala moja mpya isiyo na faili za nyumbani, na ukishahakikisha imekamilika, futa na zile zilizobaki. Katika ratiba, acha mbili za kila wiki. Duka halihitaji zaidi.

Yaliyobaki ni mepesi. `sudo journalctl --vacuum-size=200M` itapunguza kumbukumbu za matukio ya mfumo hadi MB 200, na ili zisipande tena andika `SystemMaxUse=200M` ndani ya `/etc/systemd/journald.conf`. Kwenye Ubuntu, snap, mfumo wa kusakinisha programu unaotumia ile folda ya `/var/lib/snapd`, huweka toleo la sasa la kila programu pamoja na lililotangulia. Amri `snap list --all` itakuonyesha yale yaliyozimwa kwa neno `disabled`, na kila moja huondolewa kwa `sudo snap remove` ikifuatiwa na jina la programu na `--revision=` yenye namba yake. Yatarudi baada ya masasisho kadhaa, kwa hiyo usitarajie ushindi wa kudumu hapo. Programu usizotumia kabisa ndizo za kuondoa. Folda ya `.cache`, ambamo programu hujiwekea faili za muda, ndiyo pekee ningeikabidhi kwa BleachBit.

Bi_Makadara alijibu:

Kabla ya kugusa Timeshift, tafadhali nakili mitihani ya zile shule kwenye flashi mbili, na uzifungue kwenye mashine nyingine uone kama zinasomeka. Mimi niliwahi kunakili nikiamini imekubali, kumbe flashi ilikuwa mbovu.

Stesheni_Msamvu alijibu:

Ilikuwa kama ulivyosema, fundi: faili zote za nyumbani zilikuwa zimeruhusiwa, na kulikuwa na nakala kumi na moja. Nilinakili mitihani kwanza, nikaifungua kwenye mashine ya Ubuntu, ikasomeka. Baada ya kufuta nakala za zamani na kutengeneza mpya, `/timeshift` imeshuka hadi GB 11. Journal imeshuka pia. BleachBit niliiendesha kwa kisanduku kimoja tu, cha kashe ya kivinjari, baada ya kupitia orodha yake yote. Mashine ya kaunta sasa ina GB 44 tupu, na skripti ya yule kijana sikuifungua.

Mashine ya pili ya Mint ilisakinishwa na fundi yule yule siku ile ile, kwa hiyo nina hakika nitaikuta na ugonjwa huo huo. Hiyo nitaigusa Jumapili, duka likiwa limefungwa.