Wazazi wa Kigoma, jina la kati la binti ni la baba yake! Acheni kulijaza mapambo

Wakuu,

Leo sina salamu ndefu. Kuna uharibifu unafanyika kuanzia Ujiji hadi Kibondo na kila mtu kaufumbia macho. Binti anazaliwa, ukoo mzima unagombania jina, na ili shangazi asinune na bibi asisuse kila mmoja anapewa la kwake. Baba naye ana lake aliloliona kwenye simu. Cheti kinatoka na "Briana Precious Magdalena", halafu jina la baba, halafu la ukoo. Majina matano, na fomu nyingi atakazokutana nazo maishani zina nafasi tatu.

Wengi mnadhani hili ni suala la urembo, kwa hiyo nieleze panapoharibika. Karatasi za nchi hii zinasomwa hivi: la kwanza ni la mtoto mwenyewe, la kati ni la baba yake, la mwisho ni la babu au la ukoo. Shule inasajili hivyo, na hata anayekuhoji uraia anasoma hivyo. Ukiweka Precious katikati, kila ofisi inaamua yenyewe ikate lipi. Mwalimu wa darasa la kwanza anaandika Briana Precious na jina la ukoo, baba katoweka. Kwenye kadi ya kliniki kuna Magdalena na jina la baba, kwa sababu bibi ndiye aliyempeleka kupima uzito na kwake huyu mtoto ni Magdalena. Cheti cha ubatizo nacho kina mpangilio wake. Mtoto mmoja, kwenye makaratasi ni watu watatu.

Mnaona dogo kwa sababu anayelipa si ninyi. Jina aliloandikishwa nalo shule linafungwa na namba yake ya PREM (ile ya kumtambua mwanafunzi), linaenda nalo mtihani wa darasa la nne, wa kumaliza msingi, wa kidato cha nne, na Baraza la Mitihani linachapa kwenye cheti kile ambacho shule imesajili. Siku anaomba mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Cheti kimoja kinasema hivi, kingine vile. Hapo ndipo binti wa watu anaanza kuzunguka kwa mawakili kutafuta hati ya kiapo, na pengine hati ya kubadili jina ambayo lazima isajiliwe, huku siku za kutuma maombi zinakatika. Mliompa Precious wakati huo mko wapi?

Na sisi wa Kigoma tuna la ziada ambalo mtu wa Iringa halimgusi. Tupo mpakani. Burundi hapo, Kongo ng'ambo ya ziwa, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo Kasulu. Mtu wa hapa akienda kutafuta namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) au pasipoti anaulizwa baba ni nani, babu ni nani, walizaliwa wapi. Jina la kati na la mwisho ndiyo majibu ya mwanzo kabisa, yameshaandikwa kabla hajafungua mdomo. Ninyi mnayafuta kwa hiari yenu! Kuna na wale wanaokwepa majina ya Kiha, ya kabila letu, wakiogopa mtoto ataitwa Mrundi: baba kwenye kitambulisho ni Bukuru, kwenye cheti cha binti kaandikwa Brian. Anayehoji akikuta baba ana majina mawili, hapo ndipo maswali yanapozidi. Mlichokuwa mnakikwepa mmekiita wenyewe.

Tahajia sasa. Hii ndiyo inayonikera kuliko yote. Hadija, Khadija, Khadijah. Zainabu, Zainab, Zaynab. Happiness, Happyness, Hapiness. Gloria na Grolia, maana L na R huku kwetu zinapokezana midomoni. Nesi wa zamu ya usiku ana wazazi wengi wodini, anaandika alichosikia kutoka kwa mama aliyetoka kujifungua sasa hivi, na karatasi hiyo ya tangazo la kizazi ndiyo inayokwenda kwenye usajili. Halafu vyeti vya watoto wa chini ya miaka mitano vinajazwa kwa mkono: "n" inasomeka "u", "a" inasomeka "o". Jina ambalo mama hawezi kulitaja herufi kwa herufi akiwa amechoka, msilichague. Liwe zuri namna gani.

Fanyeni hivi. Mimba ikifika mwezi wa nane muwe mmemaliza ubishi. Jina la kwanza liwe MOJA. Chukueni kitambulisho cha NIDA cha baba, nakilini majina yake herufi kwa herufi kama yalivyo, hata kama yeye mtaani anajulikana kwa jingine. Andikeni yote matatu kwa herufi kubwa kwenye karatasi mbili: moja ikae ndani ya kadi ya kliniki ya mama, nyingine abaki nayo anayemsindikiza leba. Mkabidhi nesi karatasi, msimtajie kwa mdomo.

Kama jina bado, msikubali kuandika la muda eti mtabadilisha. Usajili una siku 90 tangu mtoto azaliwe. Anayesubiri siku ya saba amfanyie akika na kumpa jina, bado ana siku 83. Kwa Wakatoliki, hakuna tena sababu ya kuwa na jina moja la cheti na jingine la ubatizo kwa kisingizio cha mtakatifu: Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa ya 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Neema anabatizwa Neema.

Cheti kikishajazwa, kisomeni palepale mlipo: jina la mtoto, jinsi, tarehe, jina la baba, jina la mama. Kosa mkiligundua mkiwa bado dirishani, kazi yake ni ndogo. Mkishaondoka ni barua, viambatisho na nauli.

Na bibi anayetaka somo wake, apewe jina la kwanza kwa heshima zote, au amwite hilo jina nyumbani. Katikati aachiwe baba.

---

Mwana_Nzega: Mkuu, umegusa penyewe. Huku Tabora ongeza la pacha. Kulwa na Kurwa, Doto na Dotto: mmoja kaandikwa kwa T moja, dada yake jina la baba limekosewa, wamezaliwa siku moja na kwenye vyeti wanaonekana baba tofauti. Vyeti vya pacha visomwe viwili kwa pamoja, vimewekwa sambamba. Halafu majina haya na Shija anayewafuata hayana jinsi, mtoto wa kike anaandikwa ME kwa sababu karani kakisia tu. Kwa hiyo kwenye safu ya jinsi weka kidole uhakikishe. Wenye majina ya Ng' nao waamue mapema, ile alama iwepo kila mahali au isiwepo popote.

Wifi_wa_Kasulu: Na pacha wetu wa Kiha, Bukuru na Butoyi, ni yale yale, kaka. Ila mleta uzi umewasahau akina mama wanaolea peke yao. Baba asipomkubali mtoto, katikati aandikwe nani?

Mleta uzi: Dada, swali la msingi hilo. Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 6 inampa kila mtoto haki ya jina na ya kuandikishwa, baba awepo asiwepo. Wengi wanaweka jina la babu mzaa mama katikati na ukoo wa mama mwishoni, na mtoto anasoma nalo bila tatizo. Tatizo linakuja pale mwanaume anaporudi mtoto yuko darasa la tano akitaka jina lake liingie, au baba wa kambo anaandikwa shuleni tu na cheti kinabaki cha zamani. Akitaka aanzie kwenye cheti cha kuzaliwa, shule ifuate. Asianzie shule.

Kapteni_Kibirizi: Mnatisha watu bure. Fomu ya NIDA ina sehemu ya majina mengine, Precious ataingia humo.

Mleta uzi: Ataingia humo akiwa na miaka 18! Cheti cha kidato cha nne kimeshatoka kabla ya hapo. Sehemu hiyo haiunganishi jina la baba lililokatwa darasa la kwanza, inaongeza tu jina la nne kwenye vurugu.

Ambaye binti yake ameshapewa majina matano na hajaanza shule, bado ana nafasi. Tazama cheti cha kuzaliwa, hicho ndicho kiongozi. Kama jina la baba limo na tahajia ni sahihi, mpelekee mwalimu nakala ya cheti siku ya kuandikisha, siyo kadi ya kliniki, na umwonyeshe majina matatu ya kuchukua: la kwanza, la baba, la ukoo. Siku inayofuata omba kuona rejesta. Kama yuko la pili au la tatu na jina limeshakosewa, nenda sasa hivi kwa mwalimu mkuu na cheti mkononi, kabla shule haijatuma majina ya mtihani wa darasa la nne.