Naomba ushauri: nanochembe zinagoma kwenye maji ya kisima

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa polima.

Natengeneza nanochembe (chembe ndogo mno) za polima zinazong'aa, zenye vikundi vya kaboksili (sehemu zinazoshika metali), nipimie ioni za shaba. Kwenye maji safi ya maabara hazina neno: ukizimulika kwa taa ya UV zinang'aa buluu, na kila tone la shaba linafifisha mwanga kwa mpangilio.

Shida ni maji ya kisima kirefu huku Arusha, yale yenye magadi na floraidi, pH 8.4. Nikiyatia tu, kabla hata ya shaba, mwanga unashuka karibu nusu, na baada ya dakika 20 kuna utando mweupe chini ya kichupa. Nimeyachuja kwa chujio la mikroni 0.22, wapi! Nimeyazimua mara 10, utando ukaisha, ila sasa shaba ya chini ya mg 2 kwa lita siioni tena, na hicho ndicho kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa.

Je, nikizivika nanochembe polietilini glikoli (polima inayopenda maji) zisigandane, shaba itazifikia kweli? Na nikishusha pH hadi 6 kwa bafa (mchanganyiko unaoshikilia pH isibadilike), kabonati ya hayo magadi itaiachia shaba, au naharibu kingine?