Chapati saa 8 usiku, barua ya kujieleza asubuhi. Wauguzi tule saa ngapi?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nikiteleza mnivumilie.

Mimi ni muuguzi, hospitali moja hapa Dodoma, wodi ya upasuaji. Juzi usiku tulikuwa wawili kwa wagonjwa 34. Mwenzangu akampeleka mgonjwa chumba cha upasuaji, nikabaki peke yangu. Saa 8, nilipomaliza sindano na dripu, nikaingia stoo ya mashuka (ndiyo "chumba cha chakula" chetu, msicheke) nikafungua hotipoti. Chapati haijafika nusu, ndugu aliyebaki kumuuguza baba yake kasukuma mlango, kanipiga picha. Kulipokucha iko kwenye makundi ya WhatsApp: manesi wanakula, wagonjwa wanakufa. Hakuna aliyekufa. Dripu ya mzee ilikuwa imeisha, nikaenda kuibadilisha mdomo ukiwa bado umejaa. Sasa nimepewa siku tatu nijieleze kwa maandishi.

Nijieleze nini? Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, unapewa mapumziko yasiyopungua dakika 60. Wakubwa wanakijua, ila wanakimbilia kifungu kidogo cha pili: unaweza kufanyishwa kazi muda huo kama kazi haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwingine wa kuifanya. Sawa, mgonjwa haachwi. Mbona hawasomi cha tatu? Kinasema mapumziko si lazima yalipwe, ISIPOKUWA umetakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi. Yaani ile saa ninayotafuna huku sikio liko wodini ni saa ya kulipwa. Miaka 6, kwenye slipu ya mshahara sijawahi kuiona.

Sasa chama cha wafanyakazi. Tawi letu lilipeleka ombi dogo tu: kila zamu awepo muuguzi mmoja asiyepangiwa wodi, awe anazunguka kuwapokea wenzake wakale. Jibu likawa subirini ajira mpya. Viongozi wetu wakashukuru kwa kusikilizwa, wakatoka. Mbona makato ya chama hayasubiri ajira mpya? Mei Mosi tunapewa fulana na kofia, Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawasha mishumaa na kurudia kiapo. Mimi nataka mtu wa kunishikia wodi nikakojoe. Samahani kwa lugha, ila kwetu UTI tunapokezana kama zamu.

Na huyo mpiga picha simlaumu sana. Baba yake yuko kitandani, muuguzi hamuoni, angejuaje?

Mlioko hospitali nyingine, Singida, Iringa, popote: kuna tawi limefanikiwa kupata huyo muuguzi wa kuzunguka? Mlimbana nani, na mlipeleka karatasi gani? Na kwenye hiyo barua nikitaja kifungu cha 23 nitakuwa nimejichongea?

Naingia usiku tena leo. Nitasoma majibu asubuhi.