Filamu ya kutisha ikirudiwa, inaweza kuifikia ya kwanza?

MWANZISHA MADA

Wakuu, kila inapotangazwa kwamba filamu fulani ya kutisha inarudiwa, tunagawanyika makundi mawili. Moja linasema ya kwanza haiguswi, na anayeirudia anatafuta hela tu. La pili linasema ya kwanza imepitwa na wakati, damu yake inaonekana rangi ya ukutani, kila kizazi kitengenezewe ya kwake. Nimekaa na swali hili kwa miaka na siwezi kujiunga na kundi lolote, kwa sababu yote mawili yanabishania sura ya filamu. Mimi nauliza kitu kingine: filamu imeufikisha woga wake wapi?

Msimamo wangu ni huu. Filamu iliyorudiwa inaweza kuifikia ya kwanza, na zipo zilizoipita. Inayoshindwa ni ile inayomhurumia mtazamaji njiani. Natahadharisha mapema kwamba hapa namwaga mtama kuhusu miisho ya filamu kadhaa, maana hoja yangu imekaa humo humo.

Tuanze na jaribio lililo wazi kuliko yote. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia Psycho ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960 karibu picha kwa picha. Maneno ni yale yale, kamera imesimama pale pale, muziki ni ule ule wa Bernard Herrmann uliorekodiwa upya. Kilichobadilika waziwazi ni waigizaji na rangi. Kama utisho ungekuwa unakaa kwenye picha, filamu ile ingetisha, na mimi haikunitisha hata kidogo. Hitchcock alikuwa na kitu ambacho kamera hainakili: watazamaji wake waliingia ukumbini wakiamini wanamfuata steringi wao, Janet Leigh, hadi mwisho, kumbe anauawa bafuni hata nusu ya filamu haijafika. Alitaka kumbi zisiruhusu mtu aliyechelewa kuingia, ili siri ile ilindwe. Miaka 38 baadaye kila mtu alikuwa anaisubiri bafu.

Mtu atasema Van Sant si Hitchcock. Haya, tuchukue mikono ile ile. The Texas Chain Saw Massacre ya Tobe Hooper, ya mwaka 1974, ilipigwa picha na Daniel Pearl. Iliporudiwa mwaka 2003 chini ya Marcus Nispel, aliyepiga picha alikuwa Daniel Pearl huyo huyo. Ya pili inapendeza macho na iliingiza zaidi ya dola milioni 100. Lakini ziangalie usiku mmoja, moja baada ya nyingine. Ile ya kwanza ina damu kidogo sana kuliko watu wanavyoikumbuka. Kinachokutesa ni ile meza ya chakula: msichana amefungwa kwenye kiti, familia nzima ya wauaji inamcheka na kumwigiza anavyolia, na kamera inamsogelea jichoni hadi unaona mishipa myekundu kwenye weupe wa jicho. Inaendelea hadi unatamani mtu aikate. Ya pili inakuonyesha mengi zaidi na bado unatoka mzima.

Ushahidi wangu mkubwa, hata hivyo, ni George Sluizer, na hapa naomba mnivumilie.

Mwaka 1988 Sluizer, mwongozaji wa Kiholanzi, alitoa Spoorloos. Wapenzi wawili wako safarini Ufaransa. Wanasimama kituo cha mafuta, mwanamke anaingia dukani kununua vinywaji, harudi. Mwanamume anamtafuta miaka mitatu. Hatimaye aliyemchukua anajitokeza mwenyewe, mtu mpole, baba wa familia, na anampa sharti moja: ukitaka kujua kilichompata, kunywa kahawa hii yenye dawa ya usingizi, yakukute yaliyomkuta. Ukikataa, nenda zako, hutajua kamwe. Anakunywa. Anazinduka gizani, anawasha kiberiti cha gesi, na mwanga ule mdogo unamwonyesha ubao juu ya uso wake. Amezikwa hai, na filamu haimtoi mle.

Nilipoiona mara ya kwanza niliizima nikajikuta navuta pumzi ndefu, nyingi, kama mtu anayehakikisha kwamba hewa ipo. Siku mbili zilizofuata sikuizungumzia kwa mtu. Haikuwa na jini wala kisu. Ilinionyesha tu kwamba hamu ya kujua inaweza kumfikisha mtu mwenye akili zake timamu kwenye kaburi lake, na mimi niliyekuwa nikitazama nilitaka anywe, kwa kuwa nami nilitaka kujua.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1993, Sluizer huyo huyo aliirudia Marekani kwa jina The Vanishing, akiwa na Jeff Bridges na Kiefer Sutherland. Kahawa ipo, sharti lipo, kaburi lipo. Lakini safari hii mpenzi mpya wa yule bwana anafika, anamfukua, muuaji anauawa. Mtu ni yule yule na kisa ni kile kile, na kutoka kwenye moja ya filamu za kutisha kabisa nilizowahi kuona kilichobaki ni muvi ya kawaida ya mhalifu kukamatwa. Usiniambie tatizo lilikuwa kipaji. Aliyeijenga nyumba ndiye aliyeivunja, na alianzia dari.

Sasa geuza sarafu. Invasion of the Body Snatchers ya Don Siegel, ya mwaka 1956, inahusu watu kubadilishwa usiku wakiwa wamelala, asubuhi wanaamka wakiwa na sura zile zile na hawana moyo ndani. Siegel alitaka filamu iishie kwa shujaa wake, Kevin McCarthy, akipiga kelele barabarani katikati ya magari na hakuna anayesimama. Studio ikaona ni kali mno, ikaongezwa sehemu ya hospitali ambapo madaktari wanamwamini na simu zinapigwa. Yaani ya kwanza, ile inayoheshimika, ndiyo iliyolainishwa.

Philip Kaufman alipoirudia mwaka 1978, alimrudisha McCarthy mwenyewe kwa muda mfupi: anakimbia barabarani San Francisco akipiga kelele zile zile, kana kwamba hajapumzika kwa miaka 22, kisha anagongwa na gari. Kaufman ameokota pale Siegel alipozuiwa. Na picha yake ya mwisho hata leo inanisisimua: mwanamke aliyefanikiwa kujificha anamwona Donald Sutherland, rafiki yake, anamwita kwa sauti ya chini, akifurahi kwamba hatimaye kuna mmoja aliyesalia. Sutherland anainua mkono, anamnyooshea kidole na kutoa ule mlio wa waliobadilishwa. Muziki hakuna. Filamu imekwisha. Kwangu hiyo imeipita ya kwanza, tena kwa kuwa imemtimizia Siegel alichotaka mwenyewe.

John Carpenter alifanya vivyo hivyo mwaka 1982 na The Thing. Filamu ya mwaka 1951 kutoka kisa hicho hicho ilikuwa na kiumbe kimoja kikubwa, wanajeshi wakaungana, wakakiunguza kwa umeme, basi. Carpenter alirudi kwenye hadithi ya John W. Campbell ya mwaka 1938, ambako kiumbe kinaiga: kinaweza kuwa yeyote. Wanaume 12 kwenye kituo Antaktika. Mnaikumbuka sehemu ya kupima damu? Watu wamefungwa kamba kwenye kochi, damu ya kila mmoja iko kwenye kisahani, na waya uliopashwa moto unachovywa kisahani kimoja baada ya kingine. Wa kwanza, waya unachemka, tsss, yuko salama. Wa pili, salama. Unaanza kulegea, macho yako tayari yanamtazama yule unayemshuku, na damu inaruka kwenye kisahani cha mtu mwingine kabisa, aliyefungwa bega kwa bega na wenzake wasioweza kukimbia. Na mwisho wake ni watu wawili kwenye theluji, kituo kinaungua, wanapokezana chupa, na hakuna anayejua kama mwenzake bado ni mtu. Watazamaji wengi wa 1982 hawakuipenda, wiki mbili tu baada ya E.T., ile ya kiumbe mpole kutoka sayari nyingine, kutoka. Haikuwahurumia.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, umeandika kwa uchungu na nakuheshimu, ila umeruka mtazamaji. Mimi nilianza na The Ring ya Gore Verbinski ya mwaka 2002, ile ya kanda ya video inayomuua kila anayeitazama. Sikujua kabisa kwamba kuna Ringu ya Japani ya mwaka 1998, ya Hideo Nakata. Kile kisima, zile nywele, ile televisheni, vyote nilivipokea kutoka kwa Verbinski, na usiku ule nilifunika televisheni kwa shuka. Nilipokuja kuiona Ringu nilikuwa nimekaa nasubiri msichana atoke kwenye televisheni. Alipotoka nilisema tu, ndiyo huyu. Kwa hiyo kwangu ya Marekani ndiyo ya kwanza, haijalishi tarehe. Ninyi mnaosema ya zamani ni bora, wengi mnasema tu ni ipi iliyowapata mkiwa wadogo. Woga wa kitu kile kile haumpati mtu mara mbili.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi naona ugonjwa si mwisho peke yake. Ni maelezo. Chukua Halloween ya Carpenter ya mwaka 1978. Mtoto wa miaka sita anamuua dada yake, wazazi wanamvua kinyago, na yule mtoto anasimama tu na kisu mkononi, uso hauna kitu. Kwa nini? Hatuambiwi. Daktari wake mwenyewe amekata tamaa ya kumwelewa. Rob Zombie alipoirudia mwaka 2007 alituwekea utoto mzima wa Michael Myers: nyumba ya matusi, kudhihakiwa shuleni, wanyama anaowatesa. Nilimaliza nikiwa namhurumia, na mtu nikishamhurumia simwogopi tena. Mwisho ulikuwa mkali, damu ilikuwa nyingi, na bado haikufika. Hapo kipimo chako kinasemaje?

MCHANGIAJI WA TATU

Swali fupi tu. Mnasema ya kwanza, ya kwanza ipi? Nosferatu ya Murnau ya mwaka 1922 yenyewe ilichukua kisa cha Dracula, yule mnyonya damu, bila ruhusa. Mjane wa Bram Stoker, aliyekiandika kisa hicho, alikwenda mahakamani na ikaamriwa nakala ziharibiwe, zikapona chache. Leo ndiyo tunaiita mama wa zote. Ile iliyotakiwa kuchomwa kwa sababu ya kunakili!

MWANZISHA MADA

Nianze na mchangiaji wa pili, maana amenigusa pagumu. Umenirekebisha, na nakubali. Nilikuwa natazama mwisho kana kwamba huruma huingilia mlango wa nyuma tu. Zombie aliipitisha mlango wa mbele. Kumweleza Michael Myers ni kumwambia mtazamaji: usiogope, jambo hili lina sababu, na sababu hiyo haipo nyumbani kwako. Ni faraja ile ile, imetolewa mapema zaidi. Kwa hiyo napanua kauli yangu: popote filamu inapokufariji kabla hujastahili, imeachia.

Mchangiaji wa kwanza, sehemu moja nakubaliana nawe. Aliyetangulia kukutisha ana haki ambayo mwingine haipati, na Nakata hakuwa na la kufanya kwako. Ila jiulize kwa nini Verbinski alikupata. Alikuwa na pesa nyingi zaidi, sawa, na alibadilisha mengi. Jambo moja hakuligusa: yule mama anagundua kwamba mwanawe ataishi tu ikiwa kanda itanakiliwa na mtu mwingine ataonyeshwa. Kwa Nakata mama anaelekea kwa baba yake mwenyewe mzazi, ndiye atakayeonyeshwa. Kwa Verbinski mtoto anauliza itakuwaje kwa huyo atakayeonyeshwa, na mama hajibu. Wote wawili wamemwacha mama akiwa ameamua kuua ili amlinde mwanawe. Hakuna studio iliyoingilia kumsafisha. Ndiyo maana ukafunika televisheni.

Na wewe wa tatu, nimefurahi umeitaja Nosferatu. Ya Murnau inaisha kwa mwanga wa asubuhi: mwanamke amejitoa sadaka, mnyonya damu anayeyuka, mji unapona. Werner Herzog aliirudia mwaka 1979, Klaus Kinski akiwa Dracula. Mwanamke anajitoa sadaka vile vile na Dracula anakufa vile vile. Lakini kitini amekaa mumewe, meno yameshaanza kuota, na kabla ya filamu kuisha anapanda farasi na kuondoka kwenye uwanda wa mchanga, ugonjwa ukiwa mgongoni mwake. Herzog hakuwa na haja ya kushindana na Murnau kwa vivuli. Aliuliza tu kama kifo cha mmoja kilitosha, akajibu hapana.

Kuna jambo bado linanisumbua. Speak No Evil ya Denmark ya mwaka 2022 ni ya kikatili hadi mwisho: wageni wanauawa kwa kuwa walishindwa kusema hapana mapema. Iliporudiwa mwaka 2024 familia inapambana na kutoroka. Kwa kipimo changu imeanguka, na mimi binafsi naona imeanguka, lakini najua watu wazima wenye akili walioipenda zaidi, na hawakuipenda kwa uvivu. Mmoja aliniambia kwamba kuona mtu hatimaye akisema hapana kulimtikisa kuliko kumwona akifa. Nimeifikiria hoja hiyo wiki nzima. Aliyeziona zote mbili, aje aniambie alibaki na nini baada ya kila moja.